Nilisema Amepaliwa na Maziwa

Nilisema mtoto amepaliwa na maziwa. Nilimwambia mama yake, nikamwambia dereva aliyetubeba, nikamwambia mganga wa zahanati, nikawaambia na madaktari wa hospitali mjini Moshi, mmoja baada ya mwingine, na kila niliposema maneno yalizidi kunyooka. Kufikia mara ya nne hata mimi nilikuwa nayaona hayo maziwa yakimtoka puani. Hayakuwepo. Mjukuu wangu hakupaliwa na kitu chochote. Mimi ndiye niliyemziba pumzi, kwa mikono yangu hii, nikiwa na nia njema na kichwa kimejaa kiburi.

Naandika haya kwa elimu yangu ya darasa la nne. Mwandiko ni wa kuku, lakini mwenye kutaka kusoma atasoma. Nawaandikia hasa mabibi wenzangu, maana sisi hatuambiliki.

Nimezaa watoto saba huku Kirua Vunjo na sijamzika hata mmoja. Wanawake wa rika langu wanajua uzito wa maneno hayo. Nimewalea na wazazi wengi, wanawake waliotoka kujifungua. Kwetu mwanamke akijifungua hatupwi peke yake na kichanga chake. Miezi mitatu anakaa ndani, hashiki jembe, hachoti maji. Analetewa mtori wa ndizi na nyama, analetewa supu, anakandwa kwa maji ya moto, anakula mpaka shingo inapata mistari. Siku ya kutoka watu wanauliza, huyu anatoka nyumba ya nani? Kazi hiyo ni ya mama mkwe. Mzazi akitoka amekonda, haulizwi yeye. Anaulizwa mama mkwe.

Mwanangu wa mwisho anapandisha wageni mlimani. Alioa binti wa Sanya Juu, msichana mpole aliyesoma kuliko sisi wote nyumbani tukiwekwa pamoja. Mtoto wao wa kwanza akawa wa kiume, na kwa desturi yetu akachukua jina la babu yake mzaa baba. Maana yake alichukua jina la marehemu mume wangu. Mimi sikumwita jina hilo hata siku moja. Nilimwita mume wangu.

"Mume wangu ameamka?"

"Ameamka, mama, lakini mumeo hana hata jino moja."

"Hata yule wa kwanza aliondoka hana."

Tulikuwa tunacheka hivyo asubuhi, mimi na mkamwana wangu, yeye kitandani na bakuli la mtori mapajani, mimi na yule mzee mdogo mikononi. Nisiseme uongo mwingine hapa. Tulipendana. Kilichotugombanisha kilikuwa kimoja tu, namna ya kumlaza mtoto.

Alitoka kujifungua akiwa na mafundisho ya kliniki. Mume wake alikuwa ameshachongesha kitanda kidogo cha mbao na kukiweka ubavuni mwa kitanda chao, na ndani yake godoro gumu kama mkate wa juzi. Shuka moja limechomekwa chini. Basi. Hakuna mto, hakuna kitu. Nilipokiona niliona kama sanduku la kuwekea sabuni dukani.

"Mama, huku ndiko atakuwa analala. Chali, peke yake. Tusimwekee mto wala blanketi zito, wala kitu kinachoweza kumfikia usoni."

"Chali? Kwani ni maiti?"

"Ndivyo tulivyofundishwa."

"Na akicheua?"

"Wamesema akilala chali hapaliwi kirahisi. Anageuza kichwa mwenyewe."

"Huyo nesi amezaa wangapi?"

"Sikumuuliza, mama."

"Ungemuuliza."

Akanyamaza, maana ana adabu. Mimi nikahesabu ule unyamavu wake kuwa nimeshinda.

Sasa mtoto mchanga ukimlaza chali huwa anashtuka. Amelala vizuri, mara anatupa mikono juu kama mtu aliyeteleza kwenye mti, anajiamsha mwenyewe, analia. Katika nyumba yetu kulikuwa na dawa ya hilo. Mama mkwe wangu alinishonea kifuko cha kaniki, akakijaza ulezi, ulezi huu huu tunaopikia mbege, pombe yetu ya ndizi, akakifunga mdomo kwa uzi wa gunia. Kinakaa karibu na moto mpaka kinapata joto. Mtoto unamlaza ubavu, nyuma unamwekea mto, mbele kifuani unamwekea kile kifuko, unafunika. Anadhani amekumbatiwa na mtu. Analala mpaka unasahau kama una mtoto. Kitambaa nimebadilisha mara kadhaa na ulezi nimebadilisha kila mara, lakini watoto wangu saba wote walilalia kifuko.

Mkamwana wangu alikiona akakishika, akakinusa. "Kinanukia vizuri, mama. Lakini kitandani kwa mtoto hapana."

Aliniambia hivyo mara tatu, siku tofauti, kila mara akikitoa kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha sahani. Mara ya nne alikipandisha juu ya kabati ambako mimi na ufupi wangu sifiki. Hilo nililihesabu kuwa ni tusi. Nilisema moyoni, mtoto wa jana ananifundisha kulea. Nikapanda kigoda nikakishusha, nikakificha jikoni nyuma ya sufuria.

Ilikuwa mwezi wa saba. Wenye kuufahamu mwezi wa saba wa huku juu wanajua. Ukungu unakaa juu ya migomba mpaka saa tano, nguo haikauki, ng'ombe anatoa mvuke kama sufuria. Mtoto alikuwa na wiki tano. Mwanangu alikuwa amepanda na wageni, siku ya pili, simu haipatikani. Asubuhi ile mkamwana wangu alimnyonyesha mtoto, akamlaza chali kwenye kisanduku chake, akaniambia anakwenda kuoga wakati maji bado ya moto. Bafu letu liko nje, upande wa pili wa nyumba.

Hata mlango wa bafu haujafungwa vizuri, mtoto akashtuka. Akatupa mikono. Akalia.

Niliingia na kifuko. Kilikuwa na joto zuri. Nilimgeuza ubavu, nikamwekea mto wangu mwenyewe mgongoni, kifuko kifuani, nikamfunika na blanketi la sufu mpaka masikioni kwa sababu ya baridi. Akanyamaza palepale. Nakumbuka nilivyosimama pale nikatabasamu. Nilisema kwa sauti, "Mume wangu, waambie hao wasomi." Nikaenda jikoni kuponda mtori.

Niliuponda ukalainika, nikatia maziwa, nikaonja chumvi. Nikawa nausikia ule ukimya wa chumbani, na uliniburudisha. Niliona kama ni sifa yangu. Nilirudi siyo kwa sababu ya wasiwasi, nilirudi kukiondoa kifuko kabla mwenyewe hajatoka bafuni. Nilirudi kuficha.

Blanketi lilikuwa limetulia. Nikalifunua. Alikuwa amejiviringisha mbele, uso wote umezama kwenye ulezi, maana ulezi unabonyea, unampa mtoto shimo la kukaa uso wake barabara. Nikamvuta. Mdomo ulikuwa na rangi ya zambarau. Shingo ilianguka nyuma kama ya kuku aliyechinjwa. Mikono ilining'inia.

Mimi sijui nilifanya nini kwa mpangilio. Nilimpiga nyayo. Nilimfikicha mgongo. Nilimpulizia mdomoni na puani. Nilimwita jina lake, lile jina nisilomwita, jina la marehemu, nikamwambia usinifanyie tena, usinifanyie mara ya pili. Kisha kikatoka kisauti kama mlango mkavu, na kifua kikapanda. Kikashuka. Kikapanda tena.

Nikasikia ndala za mama yake uani.

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize. Mtoto ana pumzi mbili tu tangu arudi, bado ana rangi ya jivu, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa unafanya nini? Ulikuwa unasukuma kile kifuko chini ya kitanda. Na mto. Mama yake akaingia na kanga imelowa, maji yanamchuruzika.

"Kuna nini, mama?"

"Amepaliwa na maziwa."

Maneno yalitoka yenyewe, kama yalikuwa yamekaa tayari mlangoni. Sikuishia hapo. Nikaongeza, "Nilikwambia mimi, chali siyo kulala."

Jirani alikuwa na gari la kubebea maziwa, akatuteremsha. Zahanati wakampa hewa, wakatutuma mjini. Huko wodini mtoto aliwekewa mrija mdogo puani, mpira wa kupitisha dawa mkononi, mkono wenyewe mwembamba kama kidole changu. Daktari kijana akaanza kuuliza.

"Mama, alinyonya saa ngapi?"

"Kama saa nne kasoro," akasema mkamwana wangu.

"Baada ya kunyonya ulimcheulisha?"

Akanitazama mimi. Kisha akamtazama daktari. "Nadhani nilimcheulisha."

"Unadhani?"

"Sikumbuki vizuri. Nilikuwa nawahi maji."

Daktari akaandika. Hakusema neno baya, lakini niliona ile kalamu ilivyomchoma yule msichana. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, mikono kwenye kanga, nikiitazama inavyoandika.

Siku ya kwanza ikapita hivyo. Jioni wakatutoa sisi wa kuja kutazama, nikaenda kulala kwa mdogo wangu anayekaa Shirimatunda, hapo hapo mjini. Mdogo wangu akanipikia, akanishika mikono akasema, "Dada, usingekuwepo wewe leo tungekuwa tunachimba kaburi." Nikala chakula chake. Nilikimaliza chote.

Siku ya pili wakaja akina mama wa usharika na chupa za chai. Wakasali kuzunguka kitanda. Mmoja wao, mwanamke ambaye miaka yote ananionea kijicho, akaniambia mbele ya wote, "Leo nimekuvulia kofia. Bwana ameipa mikono yako kazi." Wakamwambia mkamwana wangu amshukuru sana mama mkwe, kwamba wasichana wa siku hizi wana bahati na hawajui. Akanishika mguu akasema, "Asante, mama."

Nilisema, "Usijilaumu, mwanangu. Mambo hutokea."

Mwenye hatia ndiye anayesamehe wenzake kwa wepesi namna hiyo.

Madaktari hawakuona maziwa kwenye mapafu. Wakachukua damu. Wakachukua tena. Wakauliza kama kwenye ukoo kuna kifafa, kama kuna mtu alikufa ghafla. Mimi nilikuwa najibu, "Hapana, hapana," kama shahidi mwema. Walikuwa wanatafuta ugonjwa ndani ya mtoto mzima, wanamtoboa hapa na pale, na ugonjwa wenyewe ulikuwa chini ya kitanda Kirua na mwingine umesimama pembeni yao umevaa kanga.

Na mkamwana wangu akaanza kuisha. Alikataa kumnyonyesha mtoto. Alikamua maziwa kwenye kikombe akampa kwa kijiko, tone kwa tone, halafu anamshikilia wima begani mpaka mikono inakufa ganzi. Hakulala. Alikaa na kidole chini ya pua ya mtoto kupima pumzi. Nikimwambia jinyooshe kidogo, anasema, "Nikijinyoosha nitasahau kitu tena." Mtori niliomletea akauacha ukaganda. Asubuhi ya siku ya tatu alikamua, akakamua, kikombe kikabaki na utando mweupe chini tu. Akanionyesha kile kikombe.

"Yamekata, mama."

"Yatarudi."

"Mama, wakituruhusu kutoka hapa mchukue wewe."

"Nimchukue nani?"

"Mtoto. Alale kwako. Wewe umelea saba. Mimi sifai, nitamuua."

Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekwambia chukua ndoo hii. Alikuwa ananikabidhi mtoto mimi. Mimi.

Daktari akaja na nesi mmoja mtu mzima, mwanamke wa umri wangu labda, miwani imefungwa kwa kamba. Wakaleta fomu. Daktari akaeleza kwamba wanataka kumchoma mtoto sindano mgongoni watoe maji kidogo wayapime, kwa sababu hawajaelewa kilichomkata pumzi na hawataki kumruhusu hivihivi. Akaonyesha pale pa kuweka sahihi. Mkamwana wangu akachukua kalamu bila kuuliza. Angeweka sahihi hata ya kukatwa mkono wake mwenyewe.

Nikasema, "Hakupaliwa."

Daktari akageuka. "Unasema, bibi?"

"Hakupaliwa na maziwa. Ni mimi. Nilimlaza ubavu, nikamwekea mto nyuma na kifuko cha ulezi mbele, nikamfunika blanketi, nikaenda kuponda mtori. Nimemkuta uso uko ndani ya kifuko. Mama yake alimlaza vizuri. Alimlaza chali. Mama yake hakukosea kitu."

Wodi ile ina vitanda vingi, na akina mama wote walikuwa wamegeuka kunitazama. Daktari hakunikemea. Ningependa angenikemea. Aliuliza kifuko kina ukubwa gani, uso ulikuwa umezama kiasi gani, muda gani, nikamwambia muda wa kuponda mtori, akaandika. Akachukua ile fomu mkononi mwa mkamwana wangu polepole. Akasema leo hawatachoma, wataendelea kumwangalia na majibu ya damu, na kwamba hayo niliyosema yangemsaidia sana juzi.

Yule nesi akanivutia kiti. Akasema, "Kaa, mama, usije ukaanguka nikawa na wagonjwa wawili." Nikakaa. Akaendelea, "Hata mimi nililalia mto wa sufi kwa bibi yangu. Lakini mtoto wa umri huu akizama hana shingo ya kujitoa. Ndiyo maana tunasema chali, mahali pake mwenyewe, pagumu, pasipo na kitu. Ukiogopa baridi mvalishe nguo, usimfunike uso wala usimrundikie."

"Wangu saba walilala hivyo wakapona."

"Walipona licha ya kifuko, mama. Siyo kwa sababu yake."

Nikainama nikatazama mikono yangu.

Mkamwana wangu alikuwa bado ameshika kalamu. Hakulia. Aliuliza swali moja tu.

"Siku tatu, mama?"

Hakuuliza habari ya kifuko. Naamini kifuko angeweza kukielewa. Aliuliza zile siku tatu nilizomwacha ajione muuaji, mimi nikinywa chai ya usharika pembeni yake. Akamgeukia mtoto, akafungua blauzi, akamweka kwenye titi lililokauka, akatulia pale akinipa mgongo.

Mwanangu alishuka mlimani siku iliyofuata, midomo imepasuka kwa baridi, buti zina vumbi la huko juu. Mke wake alimwambia yote kabla hajanifikia. Alikuja akasimama mbele yangu nje ya wodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Wakiruhusiwa nawapeleka Sanya Juu, kwa mama yake."

"Uzazi haujaisha. Ana wiki tano tu. Watu watasemaje?"

"Kwako umeisha, mama."

Ndivyo ilivyokuwa. Mtoto alipona, nashukuru hadi leo, wakamruhusu, na gari likaelekea Sanya Juu bila mimi. Nilirudi kwenye kihamba changu, shamba la migomba la ukoo, peke yangu. Nilikuta ule mtori kwenye sufuria umeota ukungu, nikampelekea ng'ombe. Kile kifuko nilikitoa chini ya kitanda nikakichoma jikoni, kikanuka nyumba nzima kama mkate unaoungua, na sikupata nafuu yoyote. Niliweka maji ya moto saa ile ile ya kumkanda mzazi, nikakumbuka hakuna mzazi, nikayaacha yapoe. Kesho yake nikayaweka tena.

Wakaanza kuuliza. Huku kwetu mzazi hahami katikati ya uzazi labda kama kuna msiba au ugomvi. Nikiwa sokoni na mikungu yangu miwili, mwanamke mmoja akaniuliza, "Mzazi wako hajambo? Mbona hatumwoni hata dirishani?" Nilifungua mdomo niseme amekwenda kusalimia kwao. Nikakuta siwezi. Nikamwambia kama nilivyowaambia madaktari, mpaka mwisho. Wakasikiliza na wa pembeni.

"Hodari wa watoto saba," akasema mmoja, akacheka na wenzake. Wengine hawakucheka. Mmoja alikuwa amembeba mjukuu mgongoni. Aliniuliza polepole, mto je, mto mdogo tu? Nikamwambia toa. Akauliza na kulala naye katikati yetu je, mimi na babu yake? Nikamwambia atoke huko, awe na mahali pake. Akasema, "Baridi hii?" Nikasema, "Mvalishe soksi." Nadhani alikwenda kumtoa. Sijui. Nilirudi nyumbani na mikungu yangu bila kuuza.

Wiki zikapita, simu ya mwanangu ikawa ya dakika moja. "Wazima, mama. Anakua, mama. Haya, mama." Usingizi ukanikataa, chakula kikanikataa. Kuna siku nilikaa kwenye mlango wa kile chumba nikafikiri kwamba ningekuwa nimetangulia mimi kabla huyu mtoto hajazaliwa, wangenisifu kanisani, na sifa zingekuwa za kweli.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ndiye aliyenijia na ushauri.

"Shemeji, unahangaika nini? Kata isale uende."

Mgeni asiyejua nimweleze. Isale ni mmea tunaopanda mipakani. Ukimkosea mtu ukampelekea jani lake, unaomba msamaha, na aliyepelekewa isale hawezi kukataa. Hata kama ulimuulia ng'ombe. Akikataa ukoo mzima unamgeuka.

"Nimpelekee mkamwana wangu isale? Mimi, mama mkwe?"

"Kwani nani aliyekosa?"

Nikakata. Nilichagua jani zuri, refu, nikalifunga fundo, nikalizungusha kwenye kitambaa safi. Nikavaa gauni la kanisani. Nilifika Sanya Juu saa sita, nikateremka stendi nikaanza kutembea kuelekea kwao, jua la tambarare linawaka, upepo unafukuza vumbi kwenye mashamba ya mahindi yaliyovunwa. Njiani nikawa napanga maneno. Na kadiri nilivyopanga ndivyo nilivyoona ninachokwenda kufanya. Msichana huyu ana adabu. Mama yake ni mtu wa desturi. Nikilitoa hili jani pale sebuleni, atasema amenisamehe, apende asipende, akiwa na mtoto mapajani. Nitakuwa nimemlazimisha tena. Nitakuwa nimechukua kitu kikuu kuliko mimi na kumfunika nacho mpaka anyamaze.

Nikalifungua jani lile nikaliacha pale pembeni ya shamba. Nikaingia mikono mitupu.

Mama yake alikuwa uani anapepeta maharage. Aliinuka. "Karibu, mkwe."

"Aika, mkwe, asante. Wazima humu?"

"Wazima." Akatazama mikono yangu, akatazama kama kuna kitambaa, na nikajua alilitegemea. "Umekuja hivyo hivyo?"

"Nimekuja hivyo hivyo. Sitaki asiweze kukataa."

Mama mtu akaweka ungo chini. Akavuta kiti kingine, akaita ndani.

Mkamwana wangu akatoka. Alikuwa amenenepa, shingo ina mistari, mashavu yanang'aa. Mama yake amemlea vizuri, na nitakuwa mwongo nikisema hilo halikuniuma. Blauzi ilikuwa na doa la maziwa. Maziwa yalikuwa yamerudi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kukwambia nimekosa. Kwa mtoto nimekosa, na kwako nimekosa zaidi. Sikuleta jani. Ukinikatalia hakuna mtu wa kwetu atakayekusema, nimeshawaambia wote nilichofanya."

Akakaa. Akachukua maharage machache kwenye ungo, akawa anayachagua, mabovu huku, mazima huku.

"Leo siwezi, mama."

"Sawa."

"Nimejaribu. Nikilala nakuona umesimama pale wodini unasema usijilaumu."

"Sawa, mwanangu."

Tukakaa. Mama yake akaleta chai. Mtoto alikuwa amelala ndani. Mlango ulikuwa umefungwa nusu na hakuna aliyenikaribisha kupita. Nikanywa chai yangu, nikarudisha kikombe, nikasimama kwa sababu njia ni ndefu. Nikamwuliza kama naruhusiwa kuja tena, hata mara moja kwa mwezi, nimwone tu.

Alikuwa bado ameinama juu ya maharage. "Njoo Jumamosi," akasema. "Lakini njoo mchana, mama, akiwa macho."